Kutoka Gari la Majeruhi Hadi Jikoni kwa Mwenyeji: Historia Fupi ya AFS na Somo Lake kwa Idara Yetu

Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tunaifundisha kila mwaka katika somo la fasihi simulizi, na wanafunzi wetu huieleza vizuri sana katika mtihani. Lakini ni wachache kati yetu, walimu kwa wanafunzi, ambao tumewahi kuichukua kama mbinu ya kujifunzia lugha. Makala haya yanakusudia kusimulia historia ya shirika moja la kubadilishana wanafunzi ambalo limeiishi methali hiyo kwa miaka mingi bila kuijua. Shirika hilo ni AFS, ambalo jina lake la asili ni American Field Service, yaani huduma ya Wamarekani katika medani ya vita.

Ndugu msomaji huenda akajiuliza: historia ya shirika la Kimarekani inatuhusu nini sisi wa Idara ya Kiswahili hapa Uganda? Sababu ninayo. Katika kikao cha idara cha muhula uliopita, suala la safari ya wanafunzi wa mwaka wa tatu kwenda pwani liliibuka tena. Baadhi ya wenzangu walipendekeza safari hiyo ifutwe kabisa, kwa hoja kwamba gharama ni kubwa na faida haionekani. Siku ile nilinyamaza, maana safari ya mwaka 2016 niliiongoza mimi mwenyewe, na ninajua kwamba hoja yao ina ukweli. Baada ya kikao ndipo nilipoanza kuitazama upya historia hii ambayo nimekuwa nikiisoma kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Nikaona kwamba kosa halikuwa katika kusafiri. Kosa lilikuwa mahali tulipolala.

Madereva wa kujitolea, 1914 hadi 1918

AFS haikuzaliwa shuleni. Ilizaliwa vitani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wamarekani waliokuwa wakiishi Paris walifungua hospitali ya kijeshi katika jengo la shule ya Lycée Pasteur, huko Neuilly, kando ya jiji hilo. Hospitali hiyo iliitwa American Ambulance. Kwa sisi watu wa lugha jina hili linafurahisha kidogo, kwa sababu katika Kifaransa cha wakati ule neno hilo lilimaanisha hospitali ya muda ya jeshi na si gari. Maana ya gari la wagonjwa, ambayo ndiyo tuliyoipokea katika neno letu la ambulensi, ni sehemu tu ya safari ndefu ya neno hilo.

Hospitali hiyo ilikuwa na magari ya kubebea majeruhi. Mwishoni mwa mwaka 1914 alifika kujitolea bwana mmoja aitwaye A. Piatt Andrew. Huyu hakuwa mtu mdogo. Alikuwa amefundisha uchumi katika Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akawa naibu waziri wa fedha wa Marekani kuanzia 1910 hadi 1912. Pamoja na hadhi hiyo, alianza kwa kuendesha gari la majeruhi kama vijana wengine. Andrew aliona kwamba magari yale yalikuwa yakitumika mbali na mapigano, huku majeruhi wakifia njiani kabla ya kuyafikia. Aprili 1915 alifanikiwa kukubaliana na wakuu wa jeshi la Ufaransa kwamba vikosi vya madereva wa Kimarekani viruhusiwe kufanya kazi karibu kabisa na mstari wa mbele. Mwezi huo ndio AFS inaouhesabu kuwa mwezi wa kuzaliwa kwake.

Inafaa ikumbukwe kwamba Marekani yenyewe ilikuwa bado haijaingia vitani. Iliingia Aprili 1917. Kwa hiyo madereva hao hawakutumwa na serikali yao. Wengi walikuwa wanafunzi au wahitimu wapya wa vyuo kama Harvard, Yale na Princeton, na walijilipia nauli na sare wenyewe. Walitumia magari madogo ya Ford yaliyoundwa upya kwa kazi hiyo. Katika milima ya Vosges, mashariki mwa Ufaransa, magari hayo mepesi yaliweza kupanda njia ambazo hapo awali majeruhi walishushwa kwa nyumbu na mikokoteni. Walikuwapo pia Verdun mwaka 1916, katika mojawapo ya mapigano marefu na mabaya zaidi ya vita hiyo.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama yake. Usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 1915, kijana Richard Hall, aliyekuwa amehitimu Chuo cha Dartmouth mwaka uleule, aliuawa kwa kombora akiwa garini katika barabara ya milimani huko Vosges. Alikuwa dereva wa kwanza wa AFS kuuawa vitani. Hadi vita inamalizika, vijana wapatao 2,500 walikuwa wamepitia katika shirika hilo.

Hapa naomba tuone jambo moja. Vijana hao hawakwenda Ufaransa kujifunza lugha. Hata hivyo, walilala katika nyumba za vijijini, walikula pamoja na askari wa Kifaransa, na walibeba watu waliokuwa wakiugulia kwa lugha isiyokuwa yao. Waliporudi kwao, wengi walirudi na uhusiano na Ufaransa ambao darasa lisingeweza kuwapa. Mbegu ya yote yaliyofuata ilikuwa hapo.

Masomo kwa kumbukumbu ya waliokufa

Vita ilipokwisha, shirika lingeweza kuvunjwa na kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Badala yake, mwaka 1919 wakongwe wa AFS walianzisha ufadhili wa masomo kwa ajili ya wanafunzi wa ngazi ya juu, kwanza Wamarekani kwenda kusoma katika vyuo vikuu vya Ufaransa, na baadaye Wafaransa nao kwenda Marekani. Ufadhili huo ulibeba majina ya wenzao waliofariki vitani. Ulidumu hadi mwaka 1952, na wanafunzi zaidi ya 200 walinufaika nao.

Idadi hiyo ni ndogo kwa kipindi cha zaidi ya miaka thelathini. Lakini wazo lake lilikuwa jipya: kwamba kumbukumbu bora ya kijana aliyekufa ugenini ni kijana mwingine anayekwenda ugenini kusoma. Andrew mwenyewe aliingia katika siasa, akawa mbunge wa jimbo la Massachusetts kuanzia 1921 hadi alipofariki mwaka 1936. Nafasi yake katika shirika ilishikwa na Stephen Galatti, ambaye naye alikuwa dereva wa zamani na msaidizi wake tangu siku za Paris.

Vita ya pili, na jirani zetu wa Burma

Mwaka 1939 Ulaya iliingia tena vitani, na Galatti akaviunda upya vikosi vya magari. Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940, madereva walihamia upande wa majeshi ya Uingereza na ya Wafaransa Huru. Walikuwa Afrika ya Kaskazini, katika Bir Hakeim na El Alamein mwaka 1942. Walipanda na majeshi kupitia Italia. Aprili 1945 baadhi yao walikuwa miongoni mwa waliofika katika kambi ya mateso ya Bergen-Belsen nchini Ujerumani, wakawahamisha wafungwa waliobaki hai. Zaidi ya vijana 2,000 walitumikia katika vita hii ya pili, na 36 walipoteza maisha.

Wengine walipelekwa India na Burma. Nalitaja hili makusudi. Medani hiyo ya Burma ndiyo ambayo wazee wetu wa KAR kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasa walipigana mwaka 1944 na 1945. Wengi wetu tuna babu au jamaa aliyerudi kutoka huko na Kiswahili cha jeshini, kile ambacho wanaisimu wamekiita KiKAR. Kiswahili hicho hakikuwa na upatanisho wa ngeli wala adabu za pwani, na hapa Uganda kimechangia sana watu kukiona Kiswahili kuwa lugha ya amri na mtutu wa bunduki. Tazama basi tofauti: vita ileile moja iliwarudisha vijana wa AFS na wazo la kuwafungulia wageni milango, na ikaturudishia sisi lugha ya jirani ikiwa imevaa buti. Kazi ya kuivua buti hizo ndiyo tunayoifanya katika idara hii hadi leo.

Wanafunzi 52

Mwaka 1946 wakongwe wa vita zote mbili walikutana New York kuamua mustakabali wa shirika lao. Uamuzi walioufikia ndio ulioifanya AFS iwe kama ilivyo sasa. Waliamua kuachana na magari, na kuanza kuwaalika vijana wa shule za sekondari kutoka nchi mbalimbali waje kuishi Marekani kwa mwaka mzima wa masomo.

Kundi la kwanza lilifika mwaka 1947. Walikuwa wanafunzi 52 kutoka nchi 10: Chekoslovakia, Estonia, Hungaria, Norwei, New Zealand, Siria, Ufaransa, Ugiriki, Uholanzi na Uingereza. Baadhi yao walitoka katika miji iliyokuwa bado magofu. Si muda mrefu baadaye, baadhi ya nchi hizo zilijikuta upande wa pili wa kile kilichoitwa pazia la chuma. Ilipofika katikati ya miaka ya 1950, vijana wa Ujerumani na Japani, nchi ambazo madereva wa AFS walikuwa wamepambana na majeshi yake, nao walikuwa wakipokelewa katika nyumba za Wamarekani.

Utaratibu wenyewe ulikuwaje? Ulikuwa na mambo makuu manne, na naomba wenzangu wayasome kwa makini.

Kwanza, mwanafunzi hakuwekwa bwenini. Aliishi na familia kama mtoto wa nyumba hiyo. Alipangiwa kazi za nyumbani, aliulizwa alikokuwa akichelewa, na alikaa mezani na wenzake.

Pili, kwa kanuni ya msingi familia haikulipwa. Ilitoa chumba na chakula kwa hiari yake. Galatti na wenzake walikuwa madereva wa kujitolea, wakaamini kwamba na mwenyeji naye awe wa kujitolea. Anayelipwa ana mpangaji. Asiyelipwa ana mgeni.

Tatu, mwanafunzi alisoma katika shule ya kawaida ya mtaa ule, pamoja na watoto wa mtaa, si katika darasa maalumu la wageni.

Nne, katika kila mji kulikuwa na kamati ya wananchi wa kawaida iliyotafuta familia, ikachangisha fedha na kumtembelea mwanafunzi. Mambo yakiharibika kati ya mgeni na mwenyeji, na hutokea, yupo mtu wa tatu wa kusikiliza, na ikibidi mwanafunzi huhamishiwa familia nyingine.

Mwisho wa mwaka wanafunzi walisafirishwa kwa mabasi kupitia miji mbalimbali, wakilala kila usiku katika nyumba za watu, hadi mji mkuu. Julai 1963 Rais John F. Kennedy aliwapokea katika viwanja vya Ikulu ya Marekani, kama alivyowapokea wenzao wa miaka iliyotangulia. Galatti alifariki mwaka uliofuata, 1964.

Njia ya upande mmoja

Historia ya kweli haina budi kutaja na kasoro. Kasoro kubwa ya AFS ya mwanzo ilikuwa kwamba njia ilielekea upande mmoja. Dunia ilialikwa kwenda Marekani. Mmarekani hakwenda popote. Kurekebisha hilo kulianza mwaka 1950, vijana wa Kimarekani walipoanza kupelekwa nje wakati wa likizo, na baadaye kwa mwaka mzima wa shule. Lakini hata hapo Marekani ilibaki kama kitovu cha gurudumu. Mnorwei na Mgiriki wangeweza kukutana Marekani, ila Mnorwei hakuweza kwenda kuishi Ugiriki kwa kupitia shirika hilo. Hilo lilibadilika mwaka 1971, ulipoanzishwa mpango wa nchi nyingi ulioruhusu wanafunzi kwenda moja kwa moja kutoka nchi yoyote mwanachama hadi nyingine. Baadaye kila nchi ikawa na shirika lake la kitaifa lenye uongozi wake, na leo mtandao huo unazo nchi zaidi ya 50.

Kasoro ya pili ni ya kisiasa. Katika miaka ya vita baridi, ukarimu wa familia na malengo ya serikali vilitembea njia moja, na si rahisi kuvitenganisha. Jambo kama hilo lilionekana tena baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Mwaka 2002 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa Kennedy-Lugar, uliojulikana zaidi kama YES, wa kuwaalika vijana kutoka nchi zenye Waislamu wengi. AFS ilikuwa miongoni mwa mashirika yaliyoutekeleza. Kenya na Tanzania ziliingizwa katika mpango huo, na kwa njia hiyo vijana wasemao Kiswahili walikaa katika nyumba za Wamarekani. Mimi sioni aibu katika kupokea nafasi kama hiyo, mradi anayekwenda ajue ni nani aliyelipa na kwa nini.

Kasoro ya tatu ni fedha. Familia hailipwi, lakini ndege, bima, viza na ofisi hulipiwa. Kwa hiyo katika nchi nyingi anayekwenda ni mtoto wa mwenye nacho, isipokuwa apate ufadhili. Christine Lagarde, ambaye baadaye aliongoza Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki Kuu ya Ulaya, alikwenda Marekani kama mwanafunzi wa AFS mwaka 1973 akiwa kijana wa Kifaransa, na mwaka huo ulimpa Kiingereza alichokitumia maisha yake yote. Tujiulize ni akina Lagarde wangapi wamebaki Masaka na Lira kwa kukosa nauli ya basi hadi Tanga.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na nini?

Ni rahisi kudhani kwamba kubadilishana wanafunzi ni jambo la wazungu. Sivyo. Mwaka 1963 kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Nchi tatu ziligawana fani. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam. Mganda, Mkenya na Mtanzania walikaa dawati moja, tena bila shirika lolote la kubadilishana, kwa sababu mgawanyo wa fani wenyewe uliwalazimisha kuvuka mpaka.

Mwaka 1970 chuo hicho kilivunjwa, na kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika mwaka 1977. Mwaka 1980 lilianzishwa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ambalo makao yake yako hapa Kampala, na limefanya mengi katika kulinganisha mitaala na viwango. Lakini mtaala unaolingana si sawa na kijana aliyekaa kwa jirani.

Hata katika miaka ile mizuri kulikuwa na pengo. Lugha ya mihadhara ilikuwa Kiingereza katika vyuo vyote vitatu, na wanafunzi waliishi mabwenini. Mganda aliweza kumaliza shahada ya sheria Dar es Salaam na Kiswahili chake kikaishia sokoni na kwenye basi. Chuo kilimvusha mpaka, lakini hakuna aliyekuwa na kazi ya kumwingiza nyumbani kwa mtu.

Mpunga, mchele na wali

Niruhusuni nitoe ushahidi wa nafsi yangu. Mwaka 2007 nilikwenda Dar es Salaam kusomea shahada ya uzamili. Nilikuwa na shahada ya kwanza ya Kiswahili, na niliamini kwamba Kiswahili ninakijua. Baada ya wiki kadhaa nikiwa hosteli, mwenzangu wa darasani alinikaribisha kwao Temeke, na mama yake akasema nikae hapo hadi nimalize. Kodi hakutaka. Nilipojaribu kumpa fedha alikasirika, kwa hiyo nikawa nanunua mkaa na kuuweka uani bila kusema.

Jumapili ya kwanza tulipokwisha kula, nilisema kwa heshima zote, "Asante mama, mchele ulikuwa mtamu sana." Watoto wakacheka hadi wakaanguka mkekani. Katika Kiganda chetu omuceere ni uleule, uwe gunia au sahani. Mama hakucheka. Alinipa ungo, akaniketisha kando yake, na jioni ile nikajifunza kwamba shambani ni mpunga, kikitoka kinuni ni mchele, kilichovunjika ni chenga, kinachopeperuka ni pumba, kilichopikwa ni wali, na kilichoganda chini ya sufuria ni ukoko, ambao watoto huugombania. Baadhi ya maneno hayo nilikuwa nimeyasoma kamusini. Lakini hadi jioni ile sikuwa na mahali pa kuyaweka.

Nilijifunza na mengine ambayo hayamo katika kitabu chochote cha sarufi nilichokisoma. Nilijifunza kwamba "nipe maji" ni sahihi kisarufi na ni utovu wa adabu; husemwa "naomba maji". Nilijifunza kwamba kuna namna ya kukataa chakula bila kumuumiza aliyekipika, na kwamba mtu hupigi hodi ukaingia hapohapo.

Sasa linganisha na safari ya 2016. Tulikuwa wanafunzi 14 na walimu wawili, wiki mbili katika mji mmoja wa pwani. Tulilala sote katika nyumba moja ya wageni. Asubuhi tulitembelea magofu na makumbusho, mchana tulisikiliza mihadhara, jioni tulirudi kwenye nyumba yetu na kuzungumza Kiganda na Kiingereza hadi usiku. Wanafunzi walirudi na picha nzuri. Niliposahihisha insha zao za muhula uliofuata sikuona tofauti yoyote na za waliobaki Kampala. Fedha zilitumika, na nyingi zilikuwa za wazazi waliouza mazao. Lawama hiyo ni yangu. Ratiba niliiandika mimi.

Pendekezo kwa idara

Kutokana na historia hii, napendekeza kwamba safari isifutwe, bali igeuzwe. Badala ya wanafunzi wote kwenda kwa wiki mbili na kulala pamoja, waende wachache wachache, kila mmoja katika familia yake, kwa muda usiopungua wiki sita za likizo ndefu. Fedha iliyokuwa ikilipia nyumba ya wageni ilipie nauli na bima, na ianze na wale wasiojiweza.

Najua maswali yatakayoulizwa. Usalama wa wasichana wetu utakuwaje? Hili si swali la kupuuzwa, na ndiyo maana kamati ya mtaa ni nguzo, si pambo. Pasiwepo mwanafunzi katika nyumba ambayo mwalimu mwenzetu wa upande ule hajaingia na kuiona, na kila mwanafunzi awe na mtu wa tatu wa kumpigia simu, na haki ya kuhama bila kuulizwa mara mbili. Kama hatuwezi kulitimiza hilo, basi tusianze.

Swali la pili: kwa nini familia za pwani zitupokee bure? Hapa ndipo somo la mwaka 1971 linapotuhusu. Njia ya upande mmoja haidumu. Kuna wanafunzi wa isimu wa Tanzania na Kenya wanaochunguza lugha za Kibantu na za Kiniloti, na wanahitaji kusikia Kiganda, Kirunyankole, Kiacholi na Kiteso vikizungumzwa nyumbani. Sisi tunazo nyumba hizo. Tukiwafungulia wao milango, hatutakuwa ombaomba.

Hitimisho

Mwezi Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likakipitisha kuwa lugha rasmi na kuelekeza kifundishwe mashuleni. Maazimio haya yanahitaji walimu, na walimu hao ni hawa vijana wetu wa mwaka wa tatu. Watafundisha Kiswahili walichonacho. Kama walichonacho ni cha mtihani, watoto wa Uganda watapata Kiswahili cha mtihani.

AFS ilianzishwa na watu wasiokuwa na serikali nyuma yao, waliokuwa na magari madogo na nia. Baadaye waliacha hata magari, wakabaki na milango ya nyumba za watu. Sisi hatuna fedha nyingi, lakini milango tunayo. Mwanangu mkubwa yuko bweni mihula yote mitatu, na kitanda chake kiko wazi. Naomba kiwe cha kwanza katika orodha, na wenzangu walio tayari waandike majina yao kwa katibu wa idara kabla ya kikao kijacho, ili tukikutana tuwe na hesabu ya kujadili.